Nywila Iliyolala Kwenye Mazabodi



Kuna kisanduku kidogo kinachotokea kwenye kioo cha laptopu ya kazini kabla hata Windows haijaamka. Kina mstari mmoja wa kuandikia na alama ya kufuli pembeni. Hakina sehemu ya kubonyeza ukisema umesahau nywila, hakitumi ujumbe kwenye simu, hakiulizi jina la mama yako mzazi. Ukikosea mara tatu, mashine nyingi hukataa kuendelea mpaka uizime kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, uanze upya. Watu wamekaa mbele ya kisanduku hicho mpaka jasho likawatoka, nami nimekaa nao, maana kabla ya kuletwa mbele ya kipaza sauti hiki nilikuwa fundi kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa mwaka 2025 niliitwa na ofisi moja ya ushirika wa akiba na mikopo. Jina lao nitalihifadhi. Microsoft walikuwa wamesitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka huo, na mhasibu wa ushirika, dada mmoja makini sana, alitaka laptopu mbili za ofisi zihamishiwe Windows 11. Mashine zenyewe zilikuwa na uwezo. Kilichotakiwa ni kuingia kwenye bayosi na kuwasha chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, ambayo ni sharti la Windows 11, lakini kwenye mashine hizo ilikuwa imezimwa. Niliihesabu kuwa kazi ya robo saa. Nikawasha, nikabonyeza kitufe cha kuingilia, kisanduku kikatokea.

"Dada, nywila ya bayosi mnayo?"

"Bayosi ndiyo nini, kaka?"

Akanipa nywila ya Windows. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la ofisi kwa mwandiko mzuri, pamoja na tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Haikufaa. Nikawasha laptopu ya pili, nayo ikatoa kisanduku chake. Miaka minne wamezitumia laptopu hizo kila siku ya kazi, na siku hiyo ndiyo walijua kwamba nyuma ya mlango waliouzoea kuna mlango mwingine, na ufunguo wake haumo kwenye daftari.

Bayosi, msikilizaji, ndiyo programu ya kwanza kuamka ukiwasha kompyuta. Haikai kwenye diski. Imeandikwa kwenye chipu iliyochomelewa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Inakagua kama kumbukumbu ipo, kibodi ipo, diski ipo, halafu inaikabidhi mashine kwa Windows au kwa Linux. Jina BIOS lilitungwa na Mmarekani Gary Kildall mwaka 1975 alipokuwa anatengeneza mfumo wake wa CP/M. Mashine za siku hizi zina kitu kipya zaidi kiitwacho UEFI, lakini mafundi bado tunasema bayosi, na ndivyo nitakavyosema. Kwa kuwa haikai kwenye diski, ufute Windows yote, ununue diski mpya ya bei yoyote, kisanduku kitakungoja palepale. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao za kwanza: wanabadilisha kitu kisicho na kufuli.

Na nywila zenyewe si moja. Ipo ya kuwashia, inayoulizwa kila unapowasha mashine. Usipoijua huendi popote. Ipo ya msimamizi, ambayo inakuachia uingie Windows na kufanya kazi zako bila neno, ila ukitaka kugusa mipangilio ya ndani, au kuwasha mashine kwa flashi, ndipo inakuzuia. Hii ya msimamizi ndiyo iliyokuwa pale kwenye ushirika, na ndiyo inayoweza kulala miaka bila mtu kujua. Ya tatu ni nywila ya diski, na hiyo nakuomba uiogope. Unaiweka kupitia bayosi ileile, lakini inaishi ndani ya diski. Ukiichomoa diski ukaipeleka kwenye mashine nyingine, inakwenda na kufuli lake. Ukibadilisha mazabodi, kufuli lipo. Lenovo, katika vitabu vya laptopu zao za ThinkPad, wanasema wazi kwamba ukiisahau nywila hiyo hawawezi kuifuta wala kukurudishia data zako. Kinachofanyika ni kubadilisha diski. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, piga picha ya kile kisanduku. Alama iliyochorwa pembeni na maneno yaliyoandikwa ndiyo yatakayomwambia ni ipi kati ya hizo tatu.

Sasa nije kwenye ile betri ya duara kama sarafu. Ukitamka tu kwamba umesahau nywila ya bayosi, kila mtu anakupa dawa hii: "Fungua chini, toa ile betri, subiri nusu saa, irudishe." Betri hiyo inaitwa CR2032, na namba yake yenyewe inaieleza: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Na dawa hiyo iliwahi kuwa ya kweli. IBM walipotoa kompyuta yao ya AT mwaka 1984, mipangilio ya mashine ilihifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo iliyokaa pamoja na saa, nayo ilikuwa hai kwa umeme wa betri. Kompyuta za mezani zilizofuata zikaweka humohumo na nywila. Ukikata umeme, mashine inasahau kila kitu: saa, tarehe, aina ya diski, na nywila yako. Nyingi zilikuwa na pini ndogo kwenye mazabodi kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Na baadhi ya bayosi za miaka ya 1990 zilikuja na nywila ya akiba kutoka kiwandani. Ile ya bayosi za Award, AWARD_SW, mafundi wa zama zile waliijua kama wanavyojua majina ya watoto wao.

Laptopu za biashara zilifunga njia hiyo. Nywila ya msimamizi inaandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili ikumbuke. Kaa na betri mfukoni wiki nzima. Ukiirudisha, mashine itakuwa imesahau saa na tarehe, lakini nywila inaikumbuka vilevile. Kwenye mashine chache ile ya kuwashia hufutika kwa njia hii. Ya msimamizi, hapana. Nimeletewa laptopu iliyofunguliwa mara nne kwa dawa ya betri mpaka skrubu za chini zimeisha meno na waya mwembamba wa kipanya cha kugusa umekatika. Mwenyewe alikuwa bado anaamini kwamba hakusubiri vya kutosha.

Watengenezaji walikuwa na sababu ya kufunga. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi viitwavyo CIH, vilivyoandikwa Taiwan, viliamka kwenye kompyuta nyingi duniani. Vilifuta mwanzo wa diski, na kwenye baadhi ya mashine vikaandika takataka juu ya bayosi yenyewe. Mashine ya namna hiyo haikuwaka tena mpaka chipu ibadilishwe au iandikwe upya. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kuilinda bayosi isibadilishwe na asiyehusika. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ya Slovakia ikaeleza habari za LoJax, programu mbaya iliyojificha ndani ya chipu ya UEFI. Usakinishe Windows upya, ubadilishe diski, ipo tu. Aliyeshika bayosi ameishika mashine nzima. Ndiyo maana mlango huo ulitengenezwa mzito, nami naukubali uzito wake.

Ila niseme jambo ambalo ofisi nyingi hazijaambiwa. Nywila ya bayosi hailindi mafaili. Mwizi akiiba laptopu ya ofisa mikopo ndani ya basi, hana haja ya kupambana na kisanduku. Anafungua skrubu, anachomoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta yake na kusoma majina ya wanachama, namba zao za simu, madeni yao na mishahara yao. Kinachozuia hilo ni kuifumba diski yenyewe, kwa BitLocker kwa mfano, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Aliyepewa taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na sidhani kama kusema "tulikuwa na nywila ya bayosi" kutatosha mbele ya mwanachama ambaye deni lake limejulikana mtaa mzima.

Na hao wawili, bayosi na BitLocker, wamefungamana kwa namna inayowaumiza watu. BitLocker kwa kawaida huukabidhi ufunguo wake kwa ile chipu ya TPM, na TPM ipo kwenye mazabodi. Ukibadilisha mazabodi ili kuondokana na nywila ya bayosi, mashine inaamka vizuri, unashangilia, halafu inakuletea kioo cha buluu kinachotaka namba yenye tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Hiyo ndiyo namba ya kurejesha. Mara nyingi iko kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeianzisha mashine, au kwenye mfumo wa ofisi kama mtu wa TEHAMA aliuweka sawasawa. Itafute kabla fundi hajagusa skrubu ya kwanza. Ukiikosa, mafaili yaliyomo ni kama hayapo, na hapo hakuna fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wala wa Luthuli Avenue, Nairobi, atakayekusaidia.

Basi mtu aliyesahau kweli afanyeje? Njia iliyo wazi ni ya karatasi. Lenovo, kuhusu nywila ya msimamizi kwenye ThinkPad, wanasema hawana uwezo wa kuifuta: upeleke mashine kwa wakala wao abadilishe mazabodi, ukiwa na uthibitisho wa ununuzi, nawe ulipie vipuri na kazi. Dell kwa mashine zao nyingi wana njia ya kutoa nywila ya kufungulia, ila kwanza wanataka namba ya mashine na uthibitisho kwamba umiliki umeandikishwa kwako. Kwa Mac za zamani zenye prosesa za Intel, Apple hutaka uipeleke mashine mwenyewe kwao au kwa wakala aliyeidhinishwa, pamoja na risiti ya ununuzi. Kila mmoja ana utaratibu wake, lakini wote wanauliza swali moja: ni yako?

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kile kikaratasi tunachokikunja na kukitupa. Hapa kwetu Tanzania risiti za mashine za kodi, EFD, huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto. Iache kwenye dashibodi ya gari, au kwenye droo ya ofisi isiyo na hewa, baada ya miaka michache maandishi yamefifia yote na umebaki na karatasi tupu. Siku ileile unayonunua, itoe nakala au ipige picha. Na hakikisha ankara imeandikwa namba ya utambulisho ya mashine, ile iliyo chini ya laptopu, isiwe imeandikwa "laptopu 1" tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mali inayouthibitisha msemo huo kuliko laptopu.

Najua wapo wanaofungua kwa njia nyingine. Fundi anafungua mashine, anakibana kibanio chenye miguu minane juu ya chipu, anaisoma, anaiandika upya. Mimi mwenyewe nimeandika chipu upya kwa mashine zilizoharibikiwa bayosi, kwa hiyo siwezi kuwavunjia heshima wenzangu wenye ujuzi huo. Wapo wenye mikono ya dhahabu. Lakini ndani ya chipu hiyo kuna zaidi ya nywila. Kuna namba ya utambulisho ya mashine, mara nyingi kuna ufunguo wa leseni ya Windows iliyonunuliwa pamoja nayo, kuna taarifa ambazo mashine ileile pekee ndiyo inazo. Fundi asiyehifadhi nakala ya kwanza kabla ya kuandika, akinakili tu bayosi ya mashine nyingine, anakurudishia laptopu isiyojijua jina. Ukiipeleka baadaye kwa wakala ukiwa na risiti yako halali, namba ya kwenye karatasi na ya kwenye kioo hazilingani, na wewe mwenye mali unatazamwa kama mwizi.

Fundi naye amebeba mzigo wake. Mtu anakuja jioni na laptopu nzuri, haina chaja, haina mkoba, hana risiti. Anasema ni ya shemeji yake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ya mwenyewe ni kosa. Nilikuwa nikiwaambia vijana waliokuwa wakijifunza kwangu: muulize mteja risiti kabla hujamuuliza tatizo. Wa kweli ataitafuta, hata kama itamchukua siku mbili.

Tatizo ni kwamba wapo waliokosa risiti bila wizi wowote. Laptopu nyingi tunazotumia Afrika Mashariki zimekuja za mtumba: ThinkPad, Latitude za Dell, EliteBook za HP, zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani miaka mitatu au minne, zikauzwa kwa jumla, nyingine zikapitia Dubai, zikafika Kariakoo, Nairobi, Kampala. Wakenya huziita ex-UK. Ni mashine imara, nami nazipendekeza kwa mwanafunzi yeyote mwenye fedha kidogo. Lakini ofisi iliyoziuza iliwahi kuziwekea nywila ya msimamizi, na aliyezikusanya hakuifuta. Muuzaji anakuwashia, Windows inaingia haraka, muziki unapiga, unalipa. Nywila ya msimamizi haizuii muziki.

Kwa hiyo ukiwa bado umesimama dukani, hela bado mfukoni, mwambie muuzaji aizime mashine aiwashe tena. Kwa Dell bonyeza F2, kwa HP za biashara F10, kwa ThinkPad F1, mara tu alama ya kampuni inapotokea. Ikikuingiza kwenye mipangilio bila kuuliza kitu, vizuri. Ikitokeza kisanduku, mwambie aifute nywila mbele yako. Akisema "hiyo haina shida, bosi, utatumia tu," irudishe mezani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, atakuletea nyingine.

Nirudi kwenye ushirika. Laptopu zao mbili ziliwekwa na kijana mmoja wa TEHAMA aliyekuwa ameshahamia Dodoma kwa kazi nyingine. Mhasibu akampigia. Wakasalimiana kwanza, watoto hawajambo, mzee mwenyekiti hajambo, mvua zimenyesha. Kisha akanipa simu. Kijana akasema nywila anaikumbuka vizuri: neno moja, alama ya @, na mwaka ushirika ulipoandikishwa. Nikaiandika. Ikakataa. Akanisomea herufi moja moja, nami naandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikakataa. Mara ya tatu mashine ikagoma, nikaizima.

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Hakika kabisa, kaka. Niliiandika kwa mkono wangu kwenye mashine hiyohiyo."

Nikakaa naitazama ile kibodi. Ilikuwa inang'aa kuliko mashine yenyewe. Kingo za laptopu zimechakaa, pembe moja ina mkwaruzo, lakini vitufe ni vipya, herufi nyeupe kabisa.

"Dada, kibodi hii iliwahi kubadilishwa?"

"Ndiyo. Mwaka juzi ilimwagikiwa chai."

Laptopu ile ilitoka Uingereza. Kwenye kibodi ya Kiingereza cha Uingereza alama ya @ iko upande wa kulia, kitufe cha pili baada ya L. Fundi aliyebadilisha aliweka kibodi ya Kimarekani, ambayo @ imechapwa juu, kwenye kitufe cha 2, na palipokuwa na @ zamani pamechapwa alama za kufungua na kufunga maneno. Bayosi haisomi wino uliochapwa juu ya kitufe. Inajua kitufe kipo wapi. Kijana alikuwa amebonyeza pale kulia. Mimi nilikuwa nabonyeza kule juu. Nikaandika neno lake, nikashika Shift, nikagusa kitufe cha pili baada ya L, nikamalizia mwaka, nikabonyeza Enter. Kisanduku kikaondoka na mipangilio ikafunguka. Mhasibu akapiga makofi mara moja, akakumbuka kwamba kuna wateja nje.

Kwa hiyo kabla hujakubali kwamba umesahau, ihoji kibodi. Mashine iliyotoka Ufaransa imebadilishana A na Q, na W na Z. Iliyotoka Ujerumani imebadilishana Y na Z. Laptopu nyingi za zamani zina tarakimu ndogo zilizochapwa pembeni ya herufi za upande wa kulia: NumLock ikiwaka, J inakuwa 1, U inakuwa 4, M inakuwa 0, I inakuwa 5. Ukiandika "jumuiya", mashine inasoma 14045ya, na kwenye kioo wewe unaona vidoti saba tu, vilevile ungeviona ungeandika sahihi. Caps Lock usiisahau. Chomeka kibodi ya nje kama unayo, jaribu tena kwa utulivu. Nimeona watu wakilipia mazabodi mpya kwa sababu ya taa moja ya NumLock.

Laptopu ya pili haikufunguka. Kijana alisema hajawahi kuingia kwenye bayosi yake. Ilikuja hivyo kutoka dukani, Windows ilikuwa inaingia, hakuona sababu ya kugusa huko ndani. Risiti yao ilikuwa ya mkono, haina namba ya mashine. Mmiliki wa kwanza ni ofisi fulani huko Ulaya isiyojua kwamba laptopu yake ipo Tanzania. Kubadilisha mazabodi kungewagharimu karibu bei ya laptopu nyingine ya mtumba. Nikawashauri waiondoe kwenye kazi za hesabu za wanachama, waitumie kuandikia barua na matangazo bila intaneti, wanunue nyingine, na safari hii mhasibu mwenyewe abonyeze kitufe dukani. Ndivyo walivyofanya.

Lakini lililonigusa zaidi ni fomu yao ya makabidhiano. Mhasibu alinionyesha ile aliyosaini kijana siku ya kuondoka. Imejazwa vizuri: funguo mbili za kabati, muhuri, modemu, laptopu mbili na chaja zake. Saini ya anayekabidhi, saini ya anayepokea, saini ya shahidi. Ufunguo wa kabati la chuma ambalo fundi yeyote wa mtaani angelifungua kwa dakika kumi una mstari wake. Nywila ambayo mtengenezaji wa mashine mwenyewe anasema hawezi kuifungua haina mstari. Tukaongeza mstari huo kwa kalamu siku hiyohiyo. Nywila ikaandikwa kwenye karatasi, pamoja na namba ya mashine, aina ya kibodi na ile namba ya tarakimu 48 ya BitLocker, ikatiwa kwenye bahasha, mwenyekiti na mhasibu wakasaini juu ya gundi, bahasha ikaingia kwenye kasiki. Watakaosema kuandika nywila kwenye karatasi ni hatari, nawasikia. Karatasi iliyofungwa ndani ya kasiki yenye funguo mbili ni salama kuliko kichwa cha mtu mmoja anayepanda bodaboda kila siku.

Yule kijana alikuwa mzima, alikuwa na namba ileile ya simu, na alikumbuka. Lingekosekana moja kati ya hayo, ushirika ungekuwa na laptopu mbili za kuandikia barua.

Basi nawe uliyewahi kuweka nywila ya bayosi kwenye mashine ya ofisi, kisha ukahama, ukastaafu au ukapata kazi bora, nakuomba kitu kimoja. Kesho asubuhi wapigie simu wale uliowaachia. Wasalimie, uliza habari za mashine, kisha wasomee nywila ile herufi kwa herufi, na uwaambie ulibonyeza vitufe gani.